Kipanya cha Mkono wa Shoto

Hapa Bariadi mjini, jirani na stendi, kuna kibaraza chenye milango miwili. Mlango mmoja ni wangu mimi, Nyanjige, fundi cherehani. Mlango wa pili ni wa Mama Milembe. Jina lake la ubatizo ni Wilhelmina, lakini ukimwita hivyo atadhani padri amekuja.

Asubuhi mimi nafagia upande wangu, yeye anafagia wake. Kisha tunakunywa chai kutoka chupa moja. Nikikosa chapati, yeye anazo. Akikosa sukari, mimi ninayo. Tukikosa vyote viwili, tunasengenya watu wanaopita, na asubuhi inakwenda vizuri tu.

Mama Milembe ni mpiga chapa. Kwa miaka mingi alichapa katika ofisi ya ushirika wa pamba. Mashine yake ilikuwa ile ya chuma, ya kugonga. Aligonga bila kutazama vidole, huku anaongea na wewe, na hakosei hata herufi. Halafu soko huria likaja. Wanunuzi binafsi wakafika na magari yao mpaka Kasoli na Mwandoya, wakinunua pamba wenyewe. Ofisi ikapunguza watu. Mama Milembe akapunguzwa.

Siku ile alikuja kukaa kwenye benchi langu. Akaniambia, "Nyanjige, wamenipunguza mimi. Vidole vyangu hawakuvipunguza."

Ndivyo alivyopanga chumba cha pili pale kibarazani. Alitaka kuchapa barua, risala na kadi za harusi. Lakini mashine ya chuma ilikuwa mali ya ofisi, na watu siku hizi walitaka kazi ya kompyuta. Basi akafanya jambo lililosemwa mji mzima. Aliuza ng'ombe wa mahari ya binti yake Milembe, akanunua kompyuta ya mtumba kutoka Mwanza, pamoja na printa yake.

Shemeji yake, Mzee Ngassa wa Kasoli, alikuja juu kama maziwa ya moto.

"Shemeji! Ng'ombe huzaa. Hilo sanduku litazaa nini?"

"Litazaa kazi," alijibu Mama Milembe.

"Sawa. Likikushinda, utarudi Kasoli. Utakaa kwenye kaya yangu, utaangalia kuku. Mjane hapaswi kuhangaika mjini peke yake."

Mzee Ngassa si mtu mbaya. Lakini Mama Milembe aliniambia baadaye, "Mimi kuku nawapenda, Nyanjige. Nawapenda kwenye sahani."

Tulicheka. Sikujua kwamba baada ya muda mfupi tu angekuwa anafungasha vyombo.

*

Kompyuta ilimshinda. Nasema ukweli, ilimshinda kabisa.

Kuandika hakukuwa shida. Vidole vilikuwa vilevile. Shida ilikuwa kile kidude cha kusogeza mkononi, kinachoitwa kipanya. Akibonyeza, kitu anachokitaka hakifunguki. Kinatokea kiorodha kidogo. Inabidi atafute neno ndani ya kiorodha, abonyeze tena. Tena maandishi ya kwenye kioo yalikuwa madogo kama mbegu za mchicha. Alikuwa anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo.

Mteja analeta barua fupi asubuhi. Jioni barua haijaisha. Mteja anavumilia mara ya kwanza. Mara ya pili anakwenda kwingine.

Siku moja nilimkuta amekaa, mikono mapajani, kompyuta ameifunika kitambaa chake cheupe cha kufuma.

"Macho yamekwisha, Nyanjige," alisema. "Na mkono umekuwa mzito. Hii mashine inataka watoto."

"Mpigie mkwe wako simu," nikamwambia. "Mayige si fundi wa kompyuta kule Mwanza?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nimwambie mkwilima kwamba ng'ombe wake wamenishinda? Heri nife."

Wiki ile ile akakubaliana na Kristofa, mfanyabiashara wa Lamadi, amuuzie kompyuta, naye aje kuichukua siku ya Jumamosi kwa gari lake. Habari ikaenea sokoni kwamba Mama Milembe anahamia Kasoli. Wateja wachache waliobaki nao wakakata mguu.

Mimi nikafanya nilichoona kinafaa. Nikaenda kwenye kibanda cha simu, nikampigia Milembe. Mtu akisema mimi ni mmbea, na aseme. Umbea mwingine una faida.

*

Jumamosi asubuhi Milembe alishuka kwenye basi la Mwanza, mtoto mgongoni. Nyuma yake alikuwa Mayige, mumewe, amebeba mkoba.

Lazima nieleze jambo hapa, maana msomaji wa mbali anaweza kushangaa. Kwetu Wasukuma, mkwilima, yaani mkwe wa kiume, na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni. Familia nyingine za mjini zimelegeza mambo haya. Mama Milembe hajalegeza hata uzi mmoja. Na Mayige ni kijana aliyelelewa.

Basi Mayige alisimama mbali na mlango, akageukia barabarani, akachuchumaa.

"Mwangaluka, mayu!" alimsalimia mama mkwe kwa Kisukuma huku anatazama mbuzi wa watu.

"Mwangaluka, baba!" Mama Milembe alijibu kutoka ndani. "Karibuni. Za Mwanza?"

"Nzuri, mayu."

Milembe aliingia kwa mama yake. Sauti zilianza chini, zikapanda.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nimezeeka. Hilo nalo linatangazwa?"

"Umezeeka wapi! Mayige ataiangalia."

"Ataiangaliaje? Chumba chenyewe ni kidogo. Aingie humu, nikae naye bega kwa bega? Milembe, umelewa?"

Ningeweza kumwambia Mama Milembe atoke nje kidogo, Mayige aingie, arekebishe, atoke. Milembe alimwambia hivyo hivyo. Mama akakataa. Kwenye chumba kile palikuwa na kitanda chake, nyuma ya pazia. Mkwilima haingii palipo na kitanda cha mama mkwe, hata mwenye kitanda akiwa sokoni.

Mayige alikuwa anasikia yote. Aliniomba benchi langu. Akaliweka chini ya dirisha la Mama Milembe, kwa nje, akakaa mgongo ukutani.

"Milembe," aliita. "Mimi nitakaa hapa. Mwambie mama anieleze anachokiona kwenye kioo. Nitamwelekeza."

Milembe alisimama mlangoni katikati yao.

"Mama, Mayige anasema ueleze unachokiona."

"Mwambie naona kitambaa."

"Anaona kitambaa."

"Kitambaa?" Mayige alishtuka. "Mwambie akitoe!"

Wakaendelea hivyo. Kila neno lilipita kwa Milembe. Mayige anasema kona ya chini, Milembe anasema pembeni. Mama anauliza pembeni ipi, Milembe anasema subiri nimuulize. Mtoto akaanza kulia. Milembe akachoka.

"Jamani, mimi si simu ya upepo!" alisema. "Dirisha liko wazi. Hamuonani. Ongeeni wenyewe. Mimi nakwenda kumnyonyesha mwanangu."

Akaja kukaa kwangu, akashusha mtoto. Ndani mtu alikohoa. Nje mtu akakohoa pia. Mimi nilishika kitambaa mdomoni nisicheke.

"Mayu," Mayige alisema mwishowe.

"Ee, baba."

"Ukibonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya juu ya picha, inatokea nini?"

"Kinatokea kiorodha. Natafuta neno 'Open', nabonyeza tena, ndipo panafunguka."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na ukibonyeza neno 'Start', kule chini kwenye kona ya kushoto?"

"Vinatoka vimaneno vichache. Havinifikishi popote."

"Na kitufe cha kulia cha kipanya? Ukikibonyeza hicho?"

"Cha kulia sijakigusa. Aliyeniuzia alisema kazi zote ni kitufe cha kushoto. Nikashika alichosema."

Mayige aliinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka bila sauti, kwa adabu.

"Mayu," alisema alipotulia. "Macho yako hayajaisha. Mkono wako hauna uzito wowote. Mtu aliyekuwa na mashine hii kabla yako alikuwa wa mkono wa shoto. Aliipanga imfae yeye. Vitufe vya kipanya amevigeuza, cha kulia kinafanya kazi ya kushoto. Wewe umekuwa unavaa viatu vya mtu mwingine siku zote hizi."

Sauti ndogo ikatoka ndani.

"Kumbe si mimi?"

"Si wewe, mayu. Kompyuta inapangwa imfuate mtu. Mtu hapangwi aifuate kompyuta. Kuna mahali pa kuipangia. Nitakuonyesha, upange upya."

"Yaya, baba!" Sauti ilikuwa kali ghafla. "Hapo nimekataa. Hiyo ni kupekua."

"Kupekua?"

"Mashine hii ni ng'ombe wako. Tangu imefika sijabadilisha kitu hata kimoja. Nimeifunika kitambaa, nimeitunza ilivyokuja, kwa heshima yako. Nianze leo kuchokonoa ndani yake? Mama mkwe gani huyo?"

Milembe aliniangalia, mimi nikamwangalia. Hilo hakuna aliyekuwa analijua. Mwenzangu ameteseka miezi kwa sababu ya heshima! Nilitaka kuingia ndani nimkumbatie, kisha nimfinye.

Mayige alijibu taratibu sana.

"Mayu, mimi ng'ombe nilishawatoa. Walipoingia zizini kwako, kamba niliiacha mlangoni. Ukiwachinja ni wako. Ukiwauza ni wako. Ukiwageuza kompyuta, kompyuta ni yako. Heshima ninayoitaka mimi ni kusikia mama yake Milembe anachapa."

Mama Milembe alipenga kamasi.

"Haya," alisema. "Nielekeze."

*

"Kwanza achana na kipanya," alisema Mayige. "Tumia vidole. Vidole si unavyo?"

"Vidole ninavyo!"

"Kwenye kibodi, mstari wa mwisho chini, upande wa kushoto, kuna kitufe chenye picha ya kidirisha. Umekiona?"

"Nimekiona. Nilidhani ni pambo."

"Kibonyeze mara moja."

"Ooh! Imepanda orodha ndefu kutoka kwenye kona. Hii sijawahi kuiona."

"Hiyo ndiyo orodha ya 'Start'. Ulikuwa unanyimwa. Sasa bonyeza mshale unaotazama juu. Rangi itapanda neno hadi neno. Simama kwenye neno 'Settings'. Maana yake ni mipangilio."

"Nimesimama."

"Bonyeza mshale unaotazama kulia."

"Imetoka orodha nyingine pembeni. Neno la kwanza ni 'Control Panel'."

"Hapo hapo. Bonyeza Enter."

Tulisikia kitufe kimoja. Kisha kiti kikasogea.

"Mkwe! Limefunguka dirisha! Picha tele. Naona kalenda na saa. Naona kibodi. Naona kipanya chenyewe. Naona na kioo kidogo."

"Umefika, mayu. Hapo ndipo jikoni kwa kompyuta. Kila kitu kinachohusu mashine kukaa na mtu kinapikwa hapo. Saa na tarehe, sauti, kipanya, ukubwa wa maandishi. Watu wengi wana kompyuta na jiko hilo hawajawahi kuliingia."

"Sitaunguza?"

"Jiko lina adabu yake. Badilisha kitu kimoja, kitazame, ndipo uende kingine. Kumbuka kilivyokuwa mwanzo. Usichokijua, usikiguse. Na ukiona umepotea, bonyeza neno 'Cancel'. Utatoka na hakuna kitakachobadilika."

"Kansel," alirudia Mama Milembe. "Hilo nalipenda."

"Sasa tumia mishale mpaka kwenye picha ya kipanya. Chini yake pameandikwa 'Mouse'. Kisha Enter."

"Nimo ndani. Kuna picha ya kipanya kikubwa. Kuna maneno mawili yenye viduara. Moja 'Right-handed', jingine 'Left-handed'. Kitone kiko kwenye 'Left'."

"Hayo maneno ni mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Huyo ndiye mtu wetu wa mkono wa shoto. Sasa shika kipanya. Kwa mara ya mwisho, tumia kitufe cha kulia. Bonyeza kiduara cha 'Right-handed'. Kisha bonyeza neno 'Apply', kule chini. Ni kusema: fanya."

"Nimefanya."

"Kuanzia sasa rudi kitufe cha kushoto, kama ulivyoambiwa."

Tulisikia akibonyeza. Halafu tukasikia kicheko. Jamani, kile kicheko! Sikuwa nimekisikia tangu kompyuta imshinde.

"Inatii!" alisema. "Nyanjige, unasikia? Inatii!"

"Nasikia, shoga yangu! Endelea, usinipe mimi maneno."

"Mayu, usitoke hapo bado," Mayige alisema. "Hapo chini kuna kijisanduku kilichochorwa. Weka mshale juu yake, ubonyeze mara mbili haraka haraka. Ukifanikiwa, kitafunguka."

Tulisikia kubonyeza. Tena. Tena.

"Hakifunguki. Nimesema mkono ni mzito."

"Si mkono. Mwenzako alikuwa na papara, akaweka mwendo wa haraka mno. Karibu na sanduku kuna kidude cha kuburuta. Upande mmoja 'Slow', yaani polepole. Upande mwingine 'Fast', yaani haraka. Kivute kidogo upande wa 'Slow'. Ujaribu tena."

Kubonyeza mara mbili. Kisha ukelele.

"Mayu wane! Kuna mtu katoka!"

Mimi niliruka na mkasi mkononi. Niliingia ndani mbio. Kwenye kioo, kijisanduku kilikuwa wazi, na kidoli kinachezacheza juu ya springi. Mama Milembe alikuwa amejishika kifua. Alipoona mkasi wangu, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ulikuja kumchoma kidoli?" aliniuliza.

Nje Mayige naye alicheka kwa sauti, akasahau adabu. Mama Milembe akamsamehe.

*

Kipande kilichobaki ndicho kilichotutoa jasho.

"Sasa macho," alisema Mayige. "Funga hapo kwa kubonyeza 'OK'. Rudi kwenye zile picha. Tafuta kioo kidogo, kimeandikwa 'Display'. Fungua kwa kubonyeza mara mbili. Ndani kuna vichwa juu, kama kurasa zilizopangwa. Bonyeza cha mwisho, 'Settings'."

"Nimefika."

"Kuna kidude cha kuburuta tena. Kinapanga vitu vingapi vitoshee kwenye kioo. Vikiwa vingi, vinakuwa vidogo. Kivute hatua moja upande wa 'Less', vipungue, vikue. Kisha 'Apply'."

"Inaniambia maneno mengi."

"Inakuonya kwamba itajipanga upya. Sema 'OK'."

Kioo kikawa cheusi.

Mimi nilikuwa nimebaki ndani, niliona kwa macho yangu. Cheusi kabisa. Mama Milembe aliondoa mikono kama aliyeshika kaa la moto.

"Imekufa! Mkwe, imekufa! Nimeua ng'ombe zako!"

Mayige alisimama. Niliona kivuli chake dirishani. Mguu mmoja ulikuwa tayari unaelekea mlangoni. Akasimama. Akarudi. Akakaa tena, jasho linamtoka.

"Mayu, nisikilize. Usizime. Usiguse chochote. Inajipanga. Tazama kioo."

Mama Milembe hakutazama. Alikuwa amefumba macho anasali Salamu Maria. Kioo kikawaka, maandishi makubwa. Swali likatokea katikati. Nikamwambia, "Mama Milembe, fumbua!" Yeye anaendelea na sala. Alipofika amina, kioo kikawa cheusi tena, kisha kikarudi. Mbegu za mchicha zilikuwa palepale.

"Imerudi ilivyokuwa," alisema. "Imenikataa."

"Hapana! Hiyo ndiyo nzuri yake," alisema Mayige. "Ilikuuliza: je, hivi ndivyo unavyotaka? Hukujibu. Ikajirudisha yenyewe. Ingekuwa kioo kimeharibika na huoni kitu, ungengoja tu, nayo ingejirudi. Haiwezi kukuacha gizani. Umeelewa, mayu?"

"Kwa hiyo ilikuwa inanisubiri mimi?"

"Ilikuwa inakusubiri wewe. Rudia. Safari hii fumbua macho, na ikikuuliza, jibu 'Yes'."

Mama Milembe alinishika mkono. Kwa mkono mwingine akavuta kidude. Apply. OK. Giza. Alinibana vidole mpaka vikauma. Mwanga ukarudi, swali likaja. Akabonyeza 'Yes' kwa nguvu, kama anagonga mashine ya chuma.

Maneno yakabaki. Makubwa, meusi, yanasomeka ukiwa umekaa vizuri na mgongo umenyooka.

Mama Milembe alifungua ukurasa mtupu, akaweka vidole juu ya kibodi, akaanza. Tititititi! Ile sauti yake ya zamani, ila nyepesi. Milembe alikuja mlangoni na mtoto, akasimama kumtazama mama yake. Wote wawili walikuwa wanalia, mmoja anachapa huku analia.

*

Saa hiyo hiyo likaingia gari la Kristofa. Kristofa ni mtu mnene mchangamfu, na haraka zake zote ziko mdomoni. Alishuka, akamkuta Mayige kwenye benchi.

"Habari za saa hizi? Nimefuata mashine. Mama Milembe yupo? Au ameshatangulia Kasoli?"

"Yupo ndani," alisema Mayige. "Subiri kidogo. Anachapa."

"Anachapa?" Kristofa alitega sikio. Alisikia tititititi. Kisha printa ikaanza kukoroma.

Mama Milembe alimpa Milembe karatasi. Milembe akampa mumewe, pamoja na pini zangu za kushonea. Mayige akaibandika kwenye ubao wa mlango, yeye akitazama pembeni, asitazame ndani. Kristofa akasogea, akaisoma kwa sauti, na watu wa stendi wakasikia:

"HAPA TUNACHAPA BARUA, RISALA NA KADI. MAMA MILEMBE YUPO. HAHAMI."

"Aha!" alisema Kristofa. "Sasa mama, na maneno yetu?"

"Nisamehe, mwanangu," Mama Milembe alisema kutoka dirishani. "Nilikuuzia nikiwa sijaijua. Nafuta maneno yangu. Mafuta ya gari nitayalipa kwa kazi. Lete chochote chako nikuchapie, leo hii."

Kristofa alijikuna shingo. Alikuwa ametoka mbali, na angeweza kukasirika. Lakini aliisoma tena ile karatasi, kisha akachungulia kioo cha kompyuta kupitia dirishani.

"Mbona herufi za humu ni kubwa na nzuri hivi?" aliuliza. "Na mimi nina ya kwangu Lamadi, maandishi yake madogo, kijana wangu analalamika kila siku. Nani amekutengenezea?" Akamgeukia Mayige. "Ni wewe, fundi? Nitakuchukua sasa hivi twende."

Mayige akatikisa kichwa.

"Mimi?" alisema. "Mimi mashine hiyo sijawahi hata kuiona. Nimekaa hapa nje tangu asubuhi, muulize fundi cherehani. Aliyeitengeneza ni mama mkwe wangu, kwa mikono yake."

Ndani, vidole vilisimama. Nilikuwa karibu naye, nilimwona. Mama Milembe alikaa wima kwenye kiti, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, na akasogeza kiti cha mteja.

"Ingia, Kristofa," alisema. "Kaa hapa. Nitakuonyesha mahali panapofunguliwa, ukamwonyeshe kijana wako."